Kipima Mtiririko Kikilia, Tuyakague Maji Kwanza

Kengele ya upungufu wa maji ya kupozea inapolia kiwandani, mara nyingi fundi anayefika hukishuku kipimo kabla ya kuyashuku maji. Hufungua kisanduku cha nyaya, akaziunganisha ncha mbili za swichi ya mtiririko, ile inayoliza kengele maji yakipungua, kwa kipande cha waya, kengele ikanyamaza na uzalishaji ukaendelea. Mazoea hayo nayaona kuwa hatari kuliko ubovu wowote wa kipimo chenyewe, kwa sababu kipimo kibovu husimamisha kazi kwa muda tu, ilhali kompresa (mashine ya kukandamiza hewa) inayoendeshwa bila maji ya kutosha yaweza kuunguza beringi na sili zake kabla zamu haijaisha. Waya ule nao, ukishawekwa, husahaulika kwa urahisi mno.

Ninachotetea ni kwamba kipimo kiaminiwe hadi kithibitike kuwa na kosa. Chujio lililoziba, vali iliyoachwa nusu wazi, pampu inayovuta hewa na chokaa iliyoganda ndani ya mabomba ni mambo ya kukaguliwa kabla ya kushika bisibisi. Uthibitisho wenyewe hauhitaji kifaa cha ghali, kwani joto la maji yanayoingia na yanayotoka hutoa ushahidi wa kutosha. Kila lita ya maji hubeba takriban kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopanda. Hivyo lita 10 kwa sekunde zikipanda nyuzi 5 huondoa takriban kilowati 210. Ikiwa mzigo wa mashine haujabadilika na tofauti ya joto imepanda kutoka nyuzi 5 hadi 10, mtiririko umepungua kweli kwa nusu, na kipimo kinasema kweli. Tofauti ikibaki nyuzi 5 huku kipimo kikionyesha nusu ya kawaida, hapo ndipo kipimo kichunguzwe.

Uchunguzi hufuata aina ya kifaa. Kile chenye gurudumu dogo linalozungushwa na maji huchoka upesi katika maji machafu: ukilichomoa utakuta chokaa imeushika mhimili, au uzi wa mwani umejisokota kwenye mapezi, na gurudumu likisukumwa kwa kidole husita badala ya kuzunguka huru. Cha sumakuumeme, kinachotumia kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, hakina sehemu inayozunguka, lakini hudai bomba lijae maji pembeni hadi pembeni. Viputo vya hewa, utando wa mafuta juu ya elektrodi (vipande vya chuma vinavyogusa maji), au waya wa ardhini uliolegea hufanya namba zirukeruke, na asiyelijua hilo huagiza kipimo kipya bure. Cha mawimbi ya sauti kinachofungwa nje ya bomba, aghalabu kinachohitaji ni jeli mpya ya kupitishia sauti kati yake na bomba, baada ya ile ya zamani kukauka.

Vile vinavyopima tofauti ya shinikizo kwenye bamba lenye tundu vinastahili uangalifu wa pekee. Vijibomba vyake huziba kwa tope au kunasa hewa, na hayo huonekana mtu akivisafisha. Kosa lisiloonekana limo katika hesabu. Mtiririko hulingana na kipeuo cha pili cha tofauti ya shinikizo, kwa hiyo mtiririko ukiwa asilimia 50, shinikizo huwa asilimia 25 tu. Lazima kipeuo hicho kitafutwe mara moja tu, ama ndani ya transmita (kifaa kinachopeleka usomaji kwa umeme) ama kwenye kompyuta ya udhibiti. Kikitafutwa kote kuwili, asilimia 50 husomeka karibu 71, na mwendeshaji hukaa ametulia huku maji yakimpungukia. Sielewi kwa nini mpangilio huu hauandikwi kwenye kibandiko cha kila transmita, hasa kwa kuwa anayeibadilisha mara nyingi si yule aliyeifunga.

Upande wa umeme ni mwepesi zaidi. Katika mfumo wa miliampia 4 hadi 20, ambamo usomaji hupelekwa kwa mkondo mdogo wa umeme, sifuri kamili humaanisha waya uliokatika au umeme uliokosekana, wala si maji yaliyosimama, kwani maji yaliyosimama hutoa miliampia 4. Ukiingiza miliampia 12 kutoka chombo cha majaribio, na kipimo kikiwa cha mstari ulionyooka, skrini ionyeshe nusu ya kiwango. Isipoonyesha hivyo, tatizo halimo bombani.

Matengenezo nayo yasihesabiwe kuwa yamekamilika kwa sababu namba imerudi kwenye skrini. Ningetaka kila waya wa muda uandikwe kwenye daftari la zamu pamoja na jina la aliyeuidhinisha na saa ya kuuondoa. Baada ya kuondolewa, vali ifungwe polepole mbele ya mwendeshaji, mashine ikiwa haina mzigo, mpaka kengele ilie kwa kiwango kilichowekwa na pampu ya akiba iwake yenyewe.