Ofisi inapokuchagulia mchumba: mapenzi kazini nchini Ufilipino

Wafilipino wana mchezo wanaouita tuksuhan. Wafanyakazi wenzako wanakuoanisha na mtu wa meza ya pili, na kila mkipishana mlangoni kundi zima linapaza sauti: "Ayieee!" Watazamaji wanapata kilig, ule msisimko wa kuona mapenzi yakichipua hata kama si yao. Nasi tunao utani, lakini utani wa mabinamu au wa makabila una wenyewe, na mipaka yake mtu huijua tangu utotoni. Tuksuhan haikuulizi kama umo.

Nauanza mjadala hapa kwa sababu mapenzi kazini huko Ufilipino huzungumzwa kana kwamba yanawahusu wapendanao na mwajiri wao tu. Wale wanaoshangilia pembeni husahaulika.

Wanaopinga waajiri kukataza mapenzi kazini wana hoja nzito. Chukua vituo vya kuhudumia wateja kwa simu vya Manila na Cebu, ambako wengi hukesha kazini kwa kuwa wateja wao wako Marekani, na huko ndiko mchana. Mtu anayeingia saa tatu usiku na kutoka alfajiri atakutana na nani? Marafiki aliosoma nao wanaamka yeye akienda kulala. Waliobaki ni wale anaokula nao saa saba za usiku. Kumkataza asimpende mmoja wao ni karibu sawa na kumkataza asipende kabisa.

Mahakama ya Juu ya nchi hiyo nayo imewalinda wapendanao. Kampuni ya Star Paper ilikuwa na kanuni kwamba wafanyakazi wake wawili wakioana, mmoja aache kazi. Mwaka 2006 mahakama iliikataa. Mwendesha mtambo wa karatasi akimwoa mwanamke wa kitengo cha ufungaji, kampuni inapungukiwa nini? Mwajiri hakuweza kuonyesha hasara, alionyesha hofu tu. Lakini miaka miwili kabla, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeipa haki kampuni ya dawa ya Glaxo dhidi ya mwakilishi wake wa mauzo aliyemwoa mfanyakazi wa kampuni shindani ya Astra. Hapo zilikuwepo siri za biashara za kulindwa. Naziona hukumu zote mbili kuwa za haki: anayetaka kuingilia ndoa ya mtu na atoe sababu inayoonekana.

Upande wa pili unazungumzia madaraka, na hapa ndipo moyo wangu unapolemea. Sheria ya mwaka 1995 dhidi ya unyanyasaji wa kingono ilimlenga mwenye mamlaka juu ya mwenzake. Mwaka 2008 mahakama ilimwona na hatia ya kinidhamu mwenyekiti wa tume ya taifa ya mahusiano ya kazi, chombo chenyewe cha kuamua kesi za wafanyakazi, kwa vitendo vyake dhidi ya mwandishi wa hati mkato aliyekuwa chini yake. Alijitetea kwamba hakuwahi kumwomba ngono. Mahakama ikasema ombi si lazima litamkwe, matendo yanatosha kulionyesha. Kisha mwaka 2019 ikaja sheria ya maeneo salama, ambayo Wafilipino wengi wanaiita Bawal Bastos, yaani marufuku utovu wa adabu. Hiyo ilipanua wigo: hata mtu wa cheo sawa na chako, hata aliye chini yako, anaweza kushtakiwa.

Ni hatua kubwa. Ila bado inamtafuta mkosaji mmoja, mwenye jina. Kelele za "ayieee" ni za wote.

Fikiria binti mgeni kazini anayeoanishwa na msimamizi wa timu, yule anayesikiliza simu zake na kuzipa alama. Akikasirika mbele ya watu, atamtia mwenzake hiya, aibu ambayo Mfilipino hulelewa kuiepuka na kutomsababishia mwingine. Atavunja pia pakikisama, ule moyo wa kwenda na wenzako. Ataitwa "KJ", mharibu raha. Basi anatabasamu. Na tabasamu lile kila mtu analisoma kama ndiyo, msimamizi akiwa wa kwanza. Siku akimtongoza kweli, anaamini ameitwa. Msimamizi naye, kwa kiasi fulani, amesukumwa.

Kwa sababu hiyo sioni faida ya kupiga marufuku mapenzi. Watu watajificha tu, na anayejificha hana pa kulalamikia. Afadhali wapendanao wa vyeo tofauti waruhusiwe kusema bila woga, na wa kuhamishwa awe mwenye cheo. Mara nyingi anayeombwa kupisha ni mdogo, na aghalabu ni mwanamke. Huo ni uonevu hata kama umeandikwa kwa lugha ya utaratibu.

Kuhusu tuksuhan, sidhani kama kanuni yoyote itaweza kukataza kicheko. Lakini msimamizi anayetajwa kwenye utani huo anaweza kuukata yeye mwenyewe, siku ya kwanza, kabla macho hayajamgeukia binti kuona kama anatabasamu.