Tuna mbili, waya mmoja

Mie nilidhani kubadilisha dikoda ni kama kubadilisha balbu. Unachomoa ya zamani, unachomeka mpya, unakaa kitako na kahawa yako. Ndivyo alivyonihakikishia muuzaji pale Darajani, na muuzaji akishakuita "ami" mara tatu, jua hizo fedha si zako tena.

Dikoda yenyewe nzuri, wallahi. Inarekodi. Mie naangalia mpira, na tamthilia ya Kituruki ya mama watoto inajirekodi humo humo, kimya kimya, usiku watoto wakishalala anaifungua. Nilinunua amani ya nyumba. Rimoti yetu ya zamani imefungwa raba kwa jinsi ilivyogombaniwa.

Nikafunga mwenyewe, picha ikaja, nikajisifu mtaa mzima. Jumamosi nikabonyeza kurekodi, nikatazama timu yangu ikipigwa tatu bila. Saa nne usiku mama watoto akajifunga kanga yake, akajimiminia chai, akafungua. Dakika 45 za giza. Giza na kiandishi kidogo katikati, hakuna mawimbi. Na ndiyo siku ile mume aliyezikwa tangu mwaka jana anabisha hodi! Hakusema neno. Aliinuka akaenda jikoni, nikasikia sufuria zinapangwa upya moja moja. Wenye wake mnaijua sauti hiyo.

Asubuhi nikaita fundi. Kijana mdogo, kofia ya kiua, begi mgongoni. Akaigeuza dikoda nyuma, akaguna.

"Ami, hii ina tuna mbili."

"Tuna mbili za nini?"

"Tuna, ami."

"Haya, tuna. Tuna mbili nini?"

Tulikwenda hivyo mpaka jikoni nikasikia mtu anacheka, wa kwanza kucheka tangu jana yake. Kumbe tuna ni kidude cha ndani kinachokamata stesheni, na dikoda ya kurekodi inavyo viwili. Kila kimoja kinataka waya wake mpaka kwenye dishi. Mie ninao mmoja.

Nikamwambia basi tuugawe, kuna vigawio vya waya nimeviona dukani, bei ya urojo. Akanitazama kwa huruma.

"Ami, waya ule hauleti picha tu. Unapeleka amri. Dikoda ikitaka stesheni za wima inapeleka volti 13 juu kwenye kile kichwa cha dishi, LNB. Ikitaka za mlalo, volti 18. Sasa mtoto mmoja, wewe umemtuma mkate, mama kamtuma mafuta ya taa, pesa ya kitu kimoja. Ataleta nini?"

"Mafuta," nikasema. "Mamaake anapiga."

"Basi jana mpira ndio uliopiga."

Nikanyamaza. Na hapo hajataja mlio wa kilohezi 22 ambao dikoda inaupeleka kwa waya huo huo ili kuchagua masafa ya juu au ya chini. Mie nikikumbuka Televisheni ya Zanzibar ilivyoanza mwaka 1973, ya rangi, Bara bado hawana hata ya nyeusi na nyeupe, antena ilikuwa mfupa wa samaki juu ya mti na waya mmoja, basi. Ikikwaruza unamtuma mtoto akauzungushe mti. Hakukuwa na volti wala amri.

Tukapanda juu. Dishi langu liko kwenye dari ya nyumba ya shemeji yangu, ng'ambo ya uchochoro, maana mabati yetu yameliwa na hewa ya bahari. Ukigonga msumari umejipatia dirisha. Limeangalia juu kama linaomba dua. Fundi akasema ndivyo inavyotakiwa, satelaiti yetu iko longitudo 36 juu ya ikweta, na Unguja ni 39, kwa hiyo ni kama imetukalia utosini, kilomita elfu 36 huko. Kunguru nao wameliona dishi ni baraza yao, na walivyolitia rangi ni ya kwao pia.

Fundi akafungua konekta pale kwenye LNB. Yakatoka maji. Nusu kijiko cha masika, nimeyaona kwa macho yangu. Akachuna ngozi ya waya, ule wavu wa ndani umegeuka kijani kibichi kama mwani wa Paje. Akatoa mfukoni sumaku ya spika mbovu, akaisogeza kwenye ule uzi wa katikati. Tik. Ikanasa.

"Chuma hiki, ami. Kimepakwa shaba juu. Tena waya wenyewe mwembamba, wa kamera za ulinzi. Kwa mita 28 unakula volti njiani, 18 ikifika huku imepungua, LNB inadhani umeiomba 13."

Yaani nimeishi miaka saba na waya unaosema uongo. Na mie nikilaumu mawingu.

Lakini hilo halikumshangaza fundi kama kanga. Waya wangu unapokatiza uchochoro ulikuwa umebeba kanga nne, foronya, na shumizi moja nzito inayodondosha maji, umelegea katikati kama tumbo la punda. Chini yake dirishani bibi jirani, mtu mzima, anatupungia mkono. Hapo nikaelewa kwa nini kila Alkhamisi asubuhi picha hukatikakatika. Bibi hufua Alkhamisi.

Nikashuka kumwambia. Utamwambiaje? Alinipa uji nilipokuwa na surua. Nikamwuliza habari za mguu wake, nikapanda tena.

Basi, mahitaji: LNB mpya ya matundu mawili. Waya mnene wa RG6, mita 28 mara mbili, wenye uzi wa shaba tupu, nao tukaupima kwa sumaku pale pale dukani, muuzaji kanuna. Konekta nne za kukaza, mipira ya kuzuia maji. Kwa hesabu hiyo dikoda ndiyo iliyokuwa nyongeza.

Tatizo la mwisho ni ukuta. Nyumba yetu ni ya zamani, mawe na chokaa, unene zaidi ya nusu mita. Fundi akatoboa kwa drili mpaka msumari wake ukaisha urefu, hajafika nje. Alipouchomoa likafuata jiwe la ukubwa wa nazi, na vumbi la enzi za sultani likatua juu ya makochi, juu ya televisheni, juu ya mandazi. Nikasikia sufuria. Mwishowe nyaya zikapitia kona ya dirisha, na kwa nje zikaachiwa kitanzi kinachoning'inia, maji ya mvua yadondokee hapo yasije kuingia ndani.

Zikafanya kazi, sikatai. Mpira huku, Waturuki kule, picha kama kioo. Tukamkaribisha fundi chai. Akapuliza kikombe, akasema taratibu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Siku hizi lakini zipo LNB zenye akili, waya mmoja unalisha tuna zote mbili. Na dikoda yako inaikubali."

Nikamwuliza kwa nini hakusema kabla ya kutoboa.

"Ulishanunua, ami."

Alkhamisi nikaamka mapema. Picha inakatikakatika. Nikafungua dirisha, nikachungulia uchochoroni. Nyaya zangu mbili, mpya, nene, zimekazwa vizuri sambamba: moja kanga, nyingine mashuka. Bibi akainua uso akaniona, mikono imejaa vibanio.

"Ahsante mwanangu. Ulijuaje kuwa ile moja hainitoshi?"