Natafuta Mama Hawa, Ujiji

Huyu Stanley tunayesimuliwa tangu shule kwamba alimtafuta Livingstone akampata Ujiji mwaka 1871, hebu niambieni, shida yake ilikuwa nini? Kutembea tu! Katoka pwani na msafara, bendera mbele, bunduki zinapigwa hewani mji mzima utoke nje. Anamtafuta Mzungu, na Mzungu pale ni mmoja. Tena kabla hajauliza, Susi, mtu wa Livingstone, kamfuata njiani anamsalimia kwa Kiingereza.

Mimi natafuta Mama Hawa.

Mgeni ndiyo kwanza nimeteremka mwisho wa reli, Kigoma, nimepanga chumba mtaa wa Mwanga. Shangazi kanipigia kutoka Dodoma: nenda Ujiji kamsalimie Mama Hawa, anauza mawese, kila mtu anamjua. Kweli, kila mtu anamjua, ila wa kwake. Nimepelekwa kwa Mama Hawa wa dagaa, nikapelekwa kwa Mama Hawa wa vitenge, nikapelekwa kwa bibi mmoja akanishika mkono akalia, eti mjukuu wake karudi. Ningefanyaje? Nimekula ugali wa muhogo na mgebuka, na Ijumaa nasubiriwa.

Msiniambie habari za ramani ya simu. Ramani inasema kata kushoto. Kushoto wameanika dagaa njia nzima, na mwenye dagaa kasimama na ufagio ananiangalia miguu.

Watu wa huku neno "sijui" hawana. Unauliza njia, mnaanza salamu. Nyumbani? Salama. Watoto? Hawajambo. Watoto wenyewe sina, lakini utakatishaje salamu ya watu? Kisha, "Dodoma ya wapi? Nina shemeji yangu Kongwa." Kisha anafunga duka. Anafunga duka kabisa! "Twende nikupeleke." Anakupeleka kwa mwingine asiyejua.

Ndivyo nilivyofikishwa kwa wazee wa bao. Hapo husemeshwi mpaka mchezo uishe. Ukaisha.

"Mama Hawa yupi, mrefu au mfupi?"

"Sijawahi kumwona, mzee."

"Sasa hata ukimwona utamjuaje?"

Wenzake wakatikisa vichwa, kete zikapangwa upya.

Kijana mmoja akasema twende msibani, kina mama wote wako huko. Nikaenda. Nani anaingia msibani kuulizia mtu wa mawese? Nikakaa mkekani, daftari la rambirambi likanifikia, nikatoa. Kidogo nikaitwa kushika kamba ya turubai, nikashika. Marehemu simjui, mfiwa simjui, lakini mchana ule nilibeba maji kuliko shemeji wa nyumba ile. Jina langu hakuna aliyeniuliza. Wote wananiita "yule kijana wa Mama Hawa", na jina hilo Ujiji limesambaa kuliko tangazo la msikitini.

Jioni nasubiri daladala ya kurudi Mwanga, baba mmoja ananijia mbio na baiskeli.

"Wewe ndiye kijana wa Mama Hawa?"

Nikafurahi! "Ndiyo mimi, baba. Unamfahamu?"

"Mwambie hela yangu ya madumu tangu Ramadhani sijaiona. Asipolipa, nakuja kwako."

"Kwangu unapajua?"

"Mwanga, nyumba ya geti la bluu, chumba cha uani," akasema. "Kuna na njia ya mkato."