Glasi Zetu Zimeota Mizizi

Hivi ni nani aliyekaa akaamua kwamba giligilani iuzwe kwa fungu? Mimi nikienda soko la Mbuyuni nahitaji vijiti vitatu. Vitatu! Vya kukatia juu ya kachumbari, basi. Mama wa mboga ananikabidhi mzigo wa kumshibisha mbuzi pamoja na mgeni wa mbuzi, anasema mia tano. Siku moja nikajikaza nikaomba ya mia. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyekuja kutoa pole msibani.

"Ya mia, baba? Nikukatie kwa wembe?"

Kwanza hata jina la hilo jani hatujakubaliana. Mimi mtu wa Singida nasema giligilani. Mama watoto anasema kotimiri. Mama wa mboga anasema dania, maana Kenya ni hapo tu ukivuka Holili, maneno yanaingia bila ushuru. Majina matatu, na yote yanaoza siku ya tatu. Jumatatu unaliweka kwenye friji likiwa bichi linacheka, Jumatano unafungua mfuko unakuta mlenda. Na huo mlenda huwezi kuutupa ovyo, mji wenyewe ndio huu wa Moshi, unaojisifia usafi nchi nzima. Hapa ukidondosha ganda la pipi unaweza kupigwa faini, sembuse nusu fungu la mlenda.

Nisingekuwa na shida na majani kama si presha. Daktari alinipima, akakunja uso, akasema mzee punguza chumvi, chakula kipate ladha kwa viungo vya majani. Yeye kasema sentensi moja, kaita mgonjwa mwingine. Mimi ile sentensi imenila mshahara. Rozimeri kwenye genge la mtaani kwetu hakuna, nikaenda dukani kule kwenye matoroli na kiyoyozi. Kipakti cha plastiki, elfu tatu. Nikakifungua nyumbani nikahesabu: vijiti vinne. Yaani sokoni nauziwa msitu kwa mia tano, dukani nauziwa vijiti vya kuchokolea meno kwa elfu tatu. Katika nchi hii hakuna mahali mtu anaruhusiwa kununua kiasi anachotaka.

Sasa mpwa wangu, anayesoma kilimo Morogoro, akaja likizo. Akanikuta nalalamika jikoni na kifungu cha mnanaa mkononi.

"Mjomba, mnanaa unaununua kila wiki? Huo huo ungekutosha mpaka unazeeka."

Akachukua kijiti kimoja, akanionyesha pale majani yanapotokea kwenye shina, pamevimba kidogo kama goti. Akasema hapo ndipo penye uhai, mizizi inapenda kutokea hapo. Akakata kwa kisu kikali chini kidogo ya goti, akapukutisha majani yote ya chini yasije yakaozea majini, akaacha machache ya juu. Akatia kwenye glasi ya maji, akaweka dirishani penye mwanga lakini jua lisipige moja kwa moja. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili tatu. Basi. Dakika mbili.

Siku ya sita nikaona kitu cheupe. Nikaleta miwani. Pale kwenye goti palikuwa na nyuzi nne nyeupe, nyembamba, zimechongoka kama ndevu za kwanza za mwanafunzi wa kidato cha pili. Jamani, niliwaita watoto! Walikuja mbio wakidhani nimeona nyoka. Walipoona ni mizizi wakarudi kwenye katuni zao bila hata kuniambia hongera.

Hapo ndipo nilipopotea. Baada ya mnanaa nikaweka mchaichai, ile mikia ya chini niliyokuwa natupa. Nikaweka vitunguu vya majani, hivyo usiseme, unakata unabakiza sehemu nyeupe yenye ndevu, kesho yake tu vimeshachomoza. (Kuku wa jirani walivila vyote siku ya nne, na jirani akaniambia mayai yake siku hizi yana ladha nzuri.) Nikaweka mrehani, ambao nilikuwa nimeshauua mara mbili kwa kuutia kwenye friji. Kumbe ule hautaki baridi kabisa, unageuka mweusi kama umepita motoni. Kila kilichokuwa na shina kikaingia majini, na kila kilichoingia majini kilihitaji glasi.

Glasi zenyewe ni sita, zilitoka kwenye sendofu ya mama watoto. Miaka kumi na minne ziko kabatini zinasubiri mgeni wa kustahili. Watoto wangu wamekua wakinywea vikombe vya plastiki kwa sababu ya hizo glasi. Mimi nikazitoa zote.

Wa kwanza kuumia akawa shemeji. Alikuja mchana, jua la Februari la huku Moshi mnalijua, lile la kukausha kitenge kikiwa bado mwilini. Kaingia, kaona mezani glasi ya maji ina kijani kinaelea, kaipiga yote kabla hata hajakaa. Kafuta mdomo. "Shem, naona mmeanza kuishi kama hotelini." Yale maji yalikuwa ya siku nne. Nikasema karibu tena.

Na yale maji yana mambo. Ukizembea wiki nzima bila kubadilisha unakuta viluwiluwi vinacheza humo ndani vikijipindapinda. Nilichangia chandarua, nilipuliza dawa, halafu nafuga mbu dirishani mwangu kwa mikono yangu na kuwapa kivuli cha mnanaa.

Mama watoto aliponinyang'anya glasi mbili za mwisho nikahamia chupa. Jirani yetu ana baa, akanipa chupa tupu za konyagi kama nane hivi. Nikazipanga dirishani kwa mstari, kila moja na jani lake. Ili nisichanganye zipi nimebadilisha maji na zipi bado, nikazifunga uzi shingoni. Uzi uliokuwepo kwenye cherehani ulikuwa mwekundu.

Hilo la uzi nalieleza mapema ili mnielewe.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi jumuiya ikawa kwetu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Watu wakaingia, wakakaa, wimbo ukaanza. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mcha Mungu asiyepitwa na kitu, akakaa akitazamana na dirisha. Naona anasoma Injili, jicho moja kwenye kitabu, jicho la pili linahesabu. Chupa nane. Majani. Uzi mwekundu. Kwenye chupa ya mchaichai mizizi ilikuwa imeshajaa mpaka imejisokota kama nywele za mtu.

Tukafika maombi ya waamini. Mama mmoja akaanza kwa sauti ya kutetemeka: "Uwasaidie waja wako wanaotafuta njia za mkato kwa mitishamba ya giza na chupa za siri, uwarudishe kundini, ee Bwana..."

"Utusikie!" Niliitikia mimi kwa nguvu kuliko wote. Nilijua anaombewa yule jamaa wa nyumba ya tatu.

Akafuata mwingine, akawaombea wababa wanaozidiwa na kinywaji kikali mpaka wanaanika chupa madirishani. Hapo nikainua kichwa. Nyumba nzima ilikuwa inanitazama mimi. Nikajaribu kueleza: ni mnanaa jamani, ni wa chai, daktari kasema nipunguze chumvi. Mwenyekiti akanishika bega taratibu. "Usijali baba. Sisi tutaendelea kukuombea." Na chai hawakunywa. Mandazi ishirini na tano yakabaki, tukayala mpaka Jumatatu.

Mngedhani nimekoma. Mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye giligilani, maana ndiyo iliyoniingiza kwenye haya. Niliweka vijiti vyake majini, vikaoza. Nikaweka vingine, vikaoza kwa harufu mpya. Nikampigia mpwa.

"Mjomba, hiyo haipandwi kwa vijiti. Ina haraka, inaota, inatoa maua, inakufa. Panda mbegu tu. Zile zile za pilau. Kila kipunje ni mbegu mbili zimekumbatiana, zisugue kidogo zigawanyike, ziloweke usiku mmoja."

Nikaenda kabatini nikachukua kopo la giligilani. Nikasugua kwa chupa, nikaloweka, nikasia kwenye karai lililotoboka. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza kimya. Mpwa alisema inaweza kuchukua mpaka wiki mbili tatu, nikavumilia. Wiki ya pili kimya. Wiki ya tatu nilikuwa nimeinama juu ya karai nalizungumza nalo kwa upole kabisa, mama watoto akapita na beseni la nguo.

"Hivi baba, zile za kwenye kopo si nilishazikaanga?"

Siku ishirini na moja namwagilia viungo vya kukaanga! Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema, kila siku ananipita hapa. Akasema, "Nilijua unajua. Wewe si ndiyo mtaalamu."

Rozimeri nayo tusiizungumzie sana. Shina lake gumu kama kuni, majini inachukua wiki na wiki, na nyingi zikafia humo. Iliyopona ni moja tu niliyoichomeka kwenye mchanga nikaisahau nyuma ya pipa. Nimejifunza kuwa yenyewe inapenda kusahauliwa. Mimi pia napenda kusahauliwa, lakini mwenye nyumba hataki.

Maana sasa tumefika kwenye mnanaa. Mpwa alinionya: mjomba, ukiutoa kwenye maji upande kwenye ndoo, usiushushe ardhini, una tabia ya kutembea. Lakini ndoo ni shilingi elfu sita, na mimi hii kazi niliianza ili kubana matumizi. Nikauchimbia shimo pale kwenye bomba la nje, penye unyevu, nikauaga vizuri.

Zikaja mvua za masika. Ule mnanaa ulipita chini ya ardhi kama mtu anayekwepa mdai. Unatoa kamba chini kwa chini, unaibukia mbele, unatoa nyingine. Ukiung'oa unakatika, na kila kipande kilichobaki kinakuwa mnanaa mwingine. Kabla ya mwezi wa tano kwisha ulikuwa umevuka njia ya kwenda chooni na kuingia kwenye tuta la mnafu la mama mwenye nyumba. Mnisikilize vizuri: mnafu. Mchaga unaweza kumcheleweshea kodi mkaelewana. Mnafu wake usiuguse.

Akaja mlangoni, kashika rundo mkononi.

"Baba, nimepika mnafu jana. Unanuka dawa ya meno."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wajukuu wangu wamekataa kula. Wanauliza bibi, tuteme au tumeze?"

Nikang'oa mnanaa Jumamosi mbili, nikajaza viroba vitatu, na Jumamosi ya tatu ulikuwa umerudi umenenepa. Mama mwenye nyumba akaacha kunisalimia. Halafu akanikumbusha kodi ya miezi sita kwa kunitumia mtoto. Hapo nikajua hali ni mbaya.

Jirani wa baa ndiye aliyenipa ushauri. Akasema wewe ni mgeni huku, hujui kwamba Uchagani ukimkosea mtu unampelekea sale? Jani tu la sale, unakwenda nalo unaomba msamaha, na aliyepelekewa hana namna ya kukataa, ni jambo zito la wazee. Nikafurahi kweli. Nchi nzima majani yananigharimu, hatimaye nimepata jani la kunitoa shimoni. Na la bure.

Nikasubiri kiza kiingie. Nikakata tawi zima, nisionekane bahili, jani moja nikalifunga fundo kama alivyonielekeza. Nikavaa shati la mikono mirefu. Nikabisha hodi, nikainamisha kichwa, nikalitoa kwa mikono miwili.

Mama mwenye nyumba alikaa kimya muda mrefu. Uso ukalegea, nikaona macho yanataka kulowa. Akalipokea. Akaligeuza. Akaangalia pale nilipokata, pabichi kabisa, bado panatoa maji. Kisha akanyoosha shingo kunipita begani, akatazama uzio wake. Ule uzio wa masale uliopandwa na marehemu baba mkwe wake kuonyesha mpaka. Katikati pana pengo la ukubwa wa mtu mmoja mwenye shati la mikono mirefu.

"Baba," akasema taratibu, "hili la mnanaa nimekusamehe. Sasa hili la uzio utaniletea sale lipi?"

Mama watoto anasema hakuna shida, sale nalo linaota kwa kipande, nilikate chini ya goti nilitie majini, mizizi ikitoka nikazibe pengo. Kweli kabisa. Tatizo glasi hatuna.