Dola 2,995 za Simu, Dola 4,395 za Mezani

Wiki tatu zilizopita niliketi katika ofisi ya kampuni moja ya mazishi hapa Minnesota, mbele ya kijana mpole aliyevaa tai ya kijivu, nikamsikia akimtaja Askofu Mkuu Desmond Tutu kama mchuuzi wa viatu anavyomtaja mchezaji maarufu wa mpira. Nilikuwa nimemsindikiza dada mmoja wa Moshi, muuguzi tuliyefahamiana tangu tulipofika nchi hii, ambaye mumewe, Mmarekani aliyestaafu ualimu, alikuwa ameacha barua fupi akiomba mwili wake usizikwe wala usitiwe motoni, bali uyeyushwe kwa maji. "Kaka, twende wote," aliniambia, "maana kwa uchungu huu nitatia saini chochote watakachoniwekea mbele." Kwenye simu walikuwa wamemtajia dola 2,995. Mezani karatasi ilisoma 4,395.

Nianze na Tutu, kwa sababu ndiye aliyenipandisha hasira. Mzee yule aliaga dunia tarehe 26 Desemba 2021, na alikuwa ameagiza jeneza la bei ya chini kabisa litakalopatikana. Akalazwa katika jeneza la mbao za msonobari lenye vishikio vya kamba ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu George mjini Cape Town, na baada ya ibada ya tarehe 1 Januari 2022 mwili wake ukayeyushwa kwa maji, kisha mabaki yake yakazikwa ndani ya kanisa hilo hilo. Mtu aliyekataa makuu hata akiwa maiti, leo jina lake linatajwa ili mjane asione haya kulipa zaidi. "Hata Askofu Tutu alichagua njia hii," alisema kijana, akageuza ukurasa wa bei za vyombo vya majivu.

Wengi wetu hudhani gharama inatokana na kemikali. Haitokani nazo. Mwili hulazwa ndani ya tangi la chuma kisichoshika kutu, ukatiwa maji kwa kiasi cha asilimia 95 hivi, na sehemu ndogo iliyobaki ni potasiamu haidroksaidi, ndugu wa damu wa ile kostiki soda ambayo watu wetu huitumia kupikia sabuni. Maji yakipashwa moto, mchanganyiko huo hufanya kwa muda wa saa kadhaa kazi ambayo udongo huifanya kwa miaka, na mwishoni hubaki mifupa laini, ambayo hukaushwa na kusagwa ikawa unga mweupe. Jeneza haliingii ndani ya tangi, kwa hiyo hata gharama ya kuliteketeza haipo, na nishati inayotumika ni ndogo kuliko ya tanuri. Hata kile kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, ambacho lazima kitolewe kabla ya moto kwa sababu betri yake hulipuka, hapa huachwa mahali pake bila kumdhuru mtu.

Ghali ni mashine, na ghali zaidi ni uhaba wa mashine. Tangi moja hununuliwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na hapo bado hujazungumza na mamlaka ya majitaka kuhusu maji yanayobaki kwenye tangi, ambayo humwagwa kwenye mfereji wao. Kisha kuna suala la aina ya tangi. Lile la shinikizo kubwa, ambalo hupasha maji hadi nyuzi 150 hivi, humaliza kazi kwa saa nne hadi sita. Lile lisilo na shinikizo, ambalo ni la bei nafuu kwa mnunuzi, huishia chini kidogo ya kiwango cha kuchemka na huchukua saa 14 hadi 20, maana yake ni mwili mmoja kwa siku. Tanuri la moto humaliza mwili mmoja kwa saa mbili au tatu. Mwenye tangi la pole pole anapaswa kurudisha fedha zake kutoka kwa marehemu wachache, na kila marehemu hubebeshwa fungu kubwa. Hilo ninalielewa, na wala simlaumu mtu kwa kutaka kurudisha mtaji wake.

Nisichokielewa ni kwa nini foleni yao tulipie sisi. Minnesota iliruhusu njia hii mwaka 2003, kabla ya jimbo lingine lolote la Marekani, na hospitali ya Mayo Clinic kule Rochester imekuwa ikiitumia tangu mwaka 2006 kwa miili iliyotolewa kwa ajili ya masomo ya udaktari. Baada ya miaka yote hiyo, kampuni tuliyoiendea haina tangi lake. Huupeleka mwili kwa kampuni nyingine, mji mwingine, na safari hiyo iliandikwa kwenye karatasi kwa jina la heshima, "uhamisho kwenda kituo shirika", dola 395. Kituo shirika kina tangi moja, la ule mtindo wa pole pole, na mbele ya marehemu wetu kulikuwa na wengine watatu. Kwa hiyo marehemu alisubiri siku tatu ndani ya jokofu, na jokofu likatozwa dola 75 kwa siku, jumla 225. Naomba msomaji alitafakari jambo hili taratibu: kampuni inatangaza huduma ambayo haina mashine ya kuitolea, inamkodi mwenye mashine, mashine ina foleni, na mjane ndiye anayelipia zamu ya kungoja. Kinyozi akikuweka kibarazani saa mbili, hakutozi kodi ya benchi.

Mengine nayataja kwa haraka. Saa moja ya familia kumuaga marehemu, dola 175. Vibali na nakala za cheti cha kifo, dola 60, na hizo sina ugomvi nazo. Chombo cha majivu, dola 210, kwa maelezo kwamba maji huacha unga mwingi kuliko moto, karibu asilimia 20 zaidi, jambo ambalo ni kweli. Dola 95 za "kutunza mazingira", ambazo nilipouliza mazingira hayo yanatunzwa na nani na wapi, nilijibiwa kwamba ndio utaratibu wa kampuni. Kisha sanda ya hariri, dola 240. Dada alikuwa amekuja na shati la kitenge alilomshonea mumewe Moshi, la pamba tupu, na akaambiwa haliwezi kuingia, kwa kuwa maji hayo huyeyusha kitu chenye asili ya mnyama kama hariri, sufu na ngozi, ilhali pamba hubaki ilivyo. Sababu hiyo ni ya kweli kabisa. Ila hakuna aliyemwambia kwenye simu ili atafute hariri mwenyewe, na hariri, kwa bahati njema, ilikuwepo kabatini mwao.

Kwenye orodha yao ya bei, ukurasa ule ule, uchomaji wa moto bila ibada ulikuwa na bei moja, dola 1,895, kila kitu ndani. Mstari wa chini yake, wa maji, ulianza na neno "kuanzia". Neno hilo moja lilinirudisha nyumbani kusoma kanuni ya mazishi ya Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani, ile iliyoanza kutumika mwaka 1984, ambayo humpa mteja haki ya kutajiwa bei kwa simu na kupewa orodha iliyoandikwa mara anapofika, na ambayo humkataza muuzaji kumlazimisha mtu kununua jeneza kwa uchomaji usio na ibada. Kanuni ni nzuri. Lakini imeeleza kwamba uchomaji maiti ni njia ya joto inayoteketeza mabaki ya mwanadamu, kwa kuwa walioiandika hawakuwa na picha ya tangi la maji vichwani mwao. Mwaka 2022 tume hiyo hiyo iliwauliza wananchi iwapo kanuni irekebishwe ili iziguse njia mpya kama hii. Mtu haulizi swali kama hilo pasipo pengo, na ndani ya pengo hilo neno "kuanzia" linaishi kwa raha mustarehe.

Katika kundi letu la WhatsApp, nilipoeleza haya, watu hawakutaka kusikia habari ya bei. Mmoja aliuliza tunawezaje kummwaga mzee wa watu kwenye mtaro. Nilimjibu kwamba maiti anayetiwa dawa ili asafirishwe kwenda Nairobi hutolewa damu kwanza, na damu hiyo hushuka kwenye mfereji huo huo wa majitaka, na hakuna aliyewahi kuacha kuchanga kwa sababu hiyo. Kundi likanyamaza hadi jioni.

Nikubali kwa shingo upande kwamba hata 4,395 si fedha za kutisha zikilinganishwa na mazishi ya kawaida ya hapa. Mwaka 2023 chama cha taifa cha wakurugenzi wa mazishi kilitaja dola 8,300 kuwa gharama ya kati ya mazishi yenye kutazama mwili, na kaburi lenyewe halijahesabiwa hapo. Ndugu zetu Waislamu, wanaovika sanda na kuzika upesi, wanatucheka sote. Lakini mtu aliyekwepa 8,300 hapaswi kuchunwa 1,400 njiani kwa sababu tu ana shukrani.

Tulibishana. Fedha za jokofu ziliondolewa baada ya dada kuuliza, kwa sauti ya wodini anayotumia kwa madaktari wachanga, kama angeweza kuziona siku hizo tatu kwenye mkataba wowote alioutia saini. Zile 95 za mazingira zilibaki.

Siku ya tisa tulikwenda kuuchukua mzigo. Marehemu alikuwa mtu mrefu, na chombo cha dola 210, kilichonunuliwa kwa sababu ya unga kuwa mwingi, hakikumtosha; sehemu iliyobaki ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba nyeupe. Mfuko huo hawakuutoza. Dada aliuzungushia lile shati la kitenge walilolikataa, akaupakata kwenye kiti cha mbele, nami nikaendesha.