Dar hadi Guangzhou: kilomita zilezile, saa za nani?

Mfanyabiashara wa Kariakoo hakutajii kilomita ukimuuliza Guangzhou, China, ni mbali kiasi gani. Anatoa tiketi. Jirani yangu mwenye duka la mikoba Mtaa wa Narung'ombe alinionyesha yake: kuondoka Dar 16:00, kufika 07:30 kesho yake. Alipohesabu kwa vidole alipata saa kumi na tano na nusu. Ya kurudi: kuondoka 10:00, kufika Dar 16:00 siku hiyohiyo. Saa sita! "Kurudi wanakimbiza," alisema.

Hakuna anayekimbiza. China iko mbele yetu kwa saa tano, na tiketi huandika saa ya kila mji kwa mji wake. Punguza tano wakati wa kwenda, ongeza tano wakati wa kurudi, unabaki na saa kumi na nusu na saa kumi na moja. Hiyo nusu saa inayobaki ndiyo tofauti ya kweli, na ni kazi ya upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi: ukienda unakusukuma, ukirudi unakupiga kifuani.

Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 8,700, sehemu kubwa juu ya bahari. Boeing 787-8, aina ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza mwaka 2018, hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya unapata chini kidogo ya saa kumi, na baadhi ya vikokotoo vya mtandaoni huishia hapo. Havihesabu ndege kujikokota hadi njia ya kurukia, wala kuzunguka angani ikisubiri zamu ya kutua.

Sasa ubishi wenyewe: moja kwa moja au kuunganisha? Kupitia Dubai ni takriban kilomita 9,800. Kupitia Addis Ababa, ajabu, ni karibu hizohizo. Nyongeza ya kilomita 1,100 ni mwendo wa saa moja na ushee tu, kwa hiyo anayelalamika kwamba "wanatuzungusha" anailaumu ramani bure. Muda unaliwa kwenye benchi la kusubiri ndege ya pili.

Wanaounganisha nao si wajinga. Nauli ikipungua, tofauti inaingia kwenye mzigo. Ndege ya moja kwa moja isipokuwepo siku unayoitaka, kulala hoteli siku mbili kuisubiri ni hasara kuliko saa sita za kusubiri Dubai. Na wapo wanaoshukia huko makusudi, wapite Deira, eneo la masoko la Dubai, kulinganisha bei.

Mimi hata hivyo niko upande wa moja kwa moja, na sababu yangu ni begi zaidi ya saa. Begi linalohamishwa ndege lina nafasi moja zaidi ya kubaki nyuma. Ukiwa na mzee au mtoto mchanga, sioni hata cha kujadili.

Halafu kuna hizi safari za kuunganisha zinazoondoka usiku wa manane. Tiketi inasema Jumapili, 03:00. Kwetu hiyo ni saa tisa ya usiku wa kuamkia Jumapili, yaani unatoka nyumbani Jumamosi. Shemeji yangu alifika uwanja wa ndege wa Kipawa saa sita ya usiku wa kuamkia Jumatatu, mabegi yamefungwa vizuri kwa plastiki, akajipongeza kwa kuwahi. Ndege yake ilikuwa imeondoka tangu jana yake.