Kifurushi cha Bure Namba 38911

Sebuleni kwa mwenye nyumba wangu, Temeke, kuna TV ya kichogo ambayo matundu yake ya AV yalishakufa zamani. Inaponea waya wa antena: king'amuzi kinatoa picha kwenye chaneli ya 36 ya UHF, TV inaidaka kama vile imetoka hewani. Waya huohuo, kwa ukarimu wa Mzee, umepitishwa juu ya dari mpaka chumbani kwangu ili na mimi nipate mpira. Fundi aliyeunga hakuhangaika na spilita ya maana, ile inayozuia picha ya chumba kimoja isirudi kwenye kingine. Alichuna nyaya, akazisokota, akaviringisha tepu nyeusi, akadai chake akaondoka.

Mimi nina ugonjwa wa kompyuta za kale. Commodore 64 yangu niliipata Gerezani kwa muuza mitumba aliyekuwa anaiuza kama kinanda. "Spika tu ndiyo haina, braza." Sikumbishia, maana kinanda kibovu bei yake ni ndogo. Simlaumu kutoijua. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, kwa hiyo mashine hii ilipotoka Marekani mwaka 1982 huku kwetu ilikuwa habari ya mbali.

Ina memori ya kilobaiti 64, haitoshi hata picha moja ya simu. Lakini ukiipa programu ya teminali kama CCGMS, yaani ya kuandikiana na kompyuta ya mbali, inaingia mtandaoni vizuri tu. Nyuma yake nimechomeka modemu ya WiFi yenye chipu ya ESP8266, ambayo inajifanya modemu ya simu ya miaka ya themanini. Unaiandikia ATDT, amri ya kupiga simu, lakini badala ya namba ya simu unaweka anwani ya seva, Commodore yenyewe inaamini imepiga simu. Kasi nimeiweka biti 300 kwa sekunde, yaani herufi 30 hivi. Ingeweza kwenda zaidi, ila napenda kuona herufi zikija moja moja kama zinapanga foleni benki.

Commodore za Ulaya nazo hutoa picha kwenye chaneli ya 36. Ileile. Nikaiunga kwa kiungo cha T kwenye waya wa Mzee ili nisiwe nachomoa na kuchomeka kila saa.

Jioni moja kifurushi cha Mzee kikaisha. King'amuzi kikazimwa, TV ikabaki na chenga, mjukuu akatumwa dukani kwa wakala. Mimi huko chumbani nikaona huu ndio wakati wangu. Nikawasha.

Yaliyotokea sebuleni nilisimuliwa baadaye. Chenga zilipotea, kikaja kioo cha bluu chenye maandishi: COMMODORE 64 BASIC V2, na chini yake 38911 BASIC BYTES FREE, yaani baiti za memori zilizo wazi. Mzee amestaafu bandarini, kwa hiyo alipoona "Commodore" alijua ni habari za jeshi la majini. Mjukuu ndiye aliyerudi akasoma neno la mwisho. "Babu! Wameandika FREE! Kifurushi namba 38911, bure!" Hela ya kifurushi ikarudi mfukoni kwa Mzee, Mama Mwenye Nyumba akaitwa kutoka jikoni, wakakaa.

Nikaita seva. Jamaa yangu wa Mwanza alikuwa ananisubiri kwenye programu ndogo ya maongezi aliyoiandika mwenyewe. Sasa, Commodore ina mpangilio wake wa herufi, PETSCII, na ukisahau kuibadilisha iongee ASCII, mpangilio wa kompyuta nyingine, herufi ndogo za mwenzako zinakufikia kubwa, zako zinamfikia kubwa vilevile.

MBONA UNAFOKA, akaniandikia.

wewe ndiye unayefoka, nikajibu.

Sebuleni nikasikia Mama anasema, "Wameanza kugombana." Nikajua ni tamthilia.

Jamaa alikuwa na jambo zito. Amepeleka posa, na ukweni wamemtajia ng'ombe. WANATAKA KUMI NA TANO, akaandika, na kwa kasi ile neno lilikuja likijivuta, kumi... na... tano.

"Kumi na tano!" Mzee akapiga kelele. "Wamechanganyikiwa hao!"

Nikatabasamu. Nikawaza, tamthilia ya leo nayo ina mahari. Tukaendelea. Jamaa akaeleza kwamba binti amesoma, ndiyo maana mahari imepanda. Nyuma ya ukuta Mama akasema kusoma si hoja, hoja ni tabia. Nikaona kweli. Nikaandika: kusoma si hoja, hoja ni tabia. Sebule nzima ikalipuka kwa shangwe. Hata hapo sikushtuka.

Kisha jamaa, kwa ule ubaya wa marafiki wa kubadilisha mada, akauliza: KODI VIPI, MZEE AMEKUELEWA?

Sebule ikatulia.

amenielewa, nikaandika. nimemwambia mshahara haujatoka

SI ULINIAMBIA UMETOKA?

umetoka. nimenunulia modemu

Ukimya ule ungeweza kuuona. Nikadhani umeme umekatika upande wao. Nikaongeza, ili jamaa acheke: mzee mwenyewe bahili, tv ya sebuleni imekufa matundu na hataki kununua nyingine

Mlango ukagongwa. Mjukuu, amesimama pale na uso wa karani wa mahakama.

"Anko, babu anauliza modemu ni nini."

Nilimtazama yeye, nikatazama kioo, nikafuata waya kwa macho kutoka kwenye T, juu ya dari, mpaka ulipotokomea upande wa sebule.

"Na anasema," mjukuu akaendelea, "hayo matundu alishaagiza fundi."

Nikaenda. "Shikamoo Mzee." "Marahaba." Kimya. Kwenye TV nyuma yake maneno ya jamaa bado yalikuwa yanaingia, makubwa, yakitiririka: UMELALA? UMEKIMBIWA NA MTANDAO? AU MZEE AMEKUKAMATA HAHAHA. Mzee akayasoma yote mpaka "HAHAHA" ikafika mwisho wake. Nikatoa simu nikamtumia kodi palepale, pamoja na ya kutolea. Ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia akauvutia mbali na macho, akausoma, akatikisa kichwa.

Nilidhani wataniambia nichomoe ile T. Aliyekataa ni Mama.

"Uchomoe nini, na yule kijana hujamjibu? Nenda kamwambie aanze na ng'ombe wanane."

"Mama, mimi na yeye tunaongea mambo ya..."

"Wanane. Na asiende mwenyewe, atume mshenga mtu mzima."

Jamaa yangu wa Mwanza ameoa, kwa ng'ombe kumi. Amenishukuru sana kwa busara zangu za siku ile, na anashangaa nilizitoa wapi, maana mimi mwenyewe sijaoa. Sijamwambia kwamba nilikuwa napiga chapa tu, na Mama Mwenye Nyumba amesimama nyuma ya kiti changu na mwiko mkononi, akinisomea.